Mistari Kati ya Vigae

Ufa wa bafuni hauonwi na aliyesimama. Anayeoga kafumba macho kwa povu la sabuni, anayenawa uso anatazama kioo, na mgeni akitoka huko husifia rangi ya ukuta. Sakafu ya bafu huonwa na anayechuchumaa: mama anayemwogesha mtoto kwenye beseni, binti aliyetumwa kusugua, mzee anayetia udhu juu ya kigoda. Kwa hiyo katika nyumba nyingi habari za ufa huletwa na watu wasioshika fedha ya kuuziba, na anayeishika huchukua muda kuziamini.

Kwetu hapa Likombe, Mtwara, aliyezileta ni shangazi. Hakusema kuna ufa. Alisema sakafu inakunywa maji. Alichota kopo moja kwenye ndoo, akamimina taratibu juu ya mstari unaopita kati ya vigae karibu na tundu la kutolea maji, akaniambia niiname. Pale mstari ulipokuwa mzima maji yaliteleza moja kwa moja. Pale ulipopasuka yalisita, na kutoka kwenye ufa ambao hata ukucha usingeingia vikapanda vipovu vidogo, kimoja baada ya kingine, vikipasukia juu. Ilikuwa hewa inayapisha maji. Chini ya sakafu palikuwa na uwazi, na uwazi ule ulikuwa unajaa.

Wengi wetu tuliokulia mikoa hii ya kusini tulianza kuoga kwenye mabafu ya uani. Nguzo nne, ukuta wa makuti au wa viroba vilivyofumuliwa, pazia la kanga kuukuu mlangoni, na chini changarawe na jiwe moja bapa la kusimamia. Maji yalishuka papo hapo mchangani, na nyuma ya ukuta mgomba au mpapai ukayapokea. Sakafu ile ilikuwa nafasi tupu kati ya kokoto na kokoto. Haikuwa na cha kupasuka. Kokoto zikizama, mtu alikwenda kuokota nyingine, akamwaga karai moja, kazi ikaisha. Mabafu hayo bado yapo, na sina haja ya kuyapamba. Mvua za Januari zikikaza unaoga huku ukinyeshewa, na usiku kila mchakacho wa majani unauhesabu kuwa nyoka. Lakini bafu lile lilikuwa limeelewana na maji. Bafu la vigae limejengwa ili maji yakataliwe, yaelekezwe kwenye tundu, yapite bombani mpaka shimoni. Na sakafu iliyoapa kukataa maji inabidi iyakatae kila mahali, siyo karibu kila mahali.

Chukua bafu la kawaida la nyumba zetu, tuseme upana mita 1.5 na urefu mita 2.1, lililotandikwa vigae vya sentimita 30 kwa 30. Lina vigae 35. Lina pia zaidi ya mita 17 za mistari, bila kuhesabu ile inayokutana na ukuta. Kama kila mstari una upana wa milimita 3, jumla yake haifiki hata asilimia mbili ya sakafu yote. Kigae chenyewe hakina la kuogopa, maji yanaweza kukaa juu yake mwaka mzima. Kiapo chote cha bafu kinategemea hizo asilimia mbili.

Dukani hakuna anayezizungumzia. Familia huenda pamoja kuchagua tailizi, na hubishana: yenye maua au ya wazi, inayong'aa au isiyoteleza, ya bluu kwa sababu ya bahari au ya krimu kwa sababu jirani anayo. Maboksi huhesabiwa mara mbili, hubebwa kwenye guta kwa tahadhari, hupangwa sebuleni wageni wayaone. Mwisho kabisa, risiti ikiwa imekwisha andikwa, muuzaji huuliza kuhusu unga wa kujazia mistari, "Na grauti?" Mnunuzi huku anatafuta simu yake alipie hujibu, "Tia na hiyo." Wengine hata hiyo hawatii. Fundi huwaambia simenti nyeupe itafaa, nayo inafaa kweli, kwa miezi kadhaa.

Vigae vyetu vina safari inayonichekesha kila nikiitafakari. Boksi limeandikwa Goodwill, na kiwanda hicho kiko Mkuranga, huko Pwani, ambako tanuri zake huchoma kwa gesi asilia. Gesi hiyo huchotwa kwenye bomba kubwa linaloanzia huku kwetu. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, inatoka chini ya ardhi ya Msimbati, inasafishwa Madimba, inakwenda kaskazini, inachanganyika na ile ya Songo Songo ikifika Somanga, kisha inapita Mkuranga kuelekea Dar es Salaam. Pale Mkuranga sehemu yake hugeuka moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 na kuuoka udongo. Udongo uliookwa unapakiwa kwenye lori, unavuka Daraja la Mkapa kwenye Rufiji, unapita Somanga tena, safari hii kwa juu, unaingia Lindi, unafika Mtwara, na mtu wa Likombe anaulipia pamoja na nauli ya kurudi.

Nasema nauli ya kurudi nikijua ninagusa kidonda. Desemba 2012 watu waliandamana mjini hapa wakisema gesi haitoki. Mei 2013 zikazuka vurugu, nyumba zikachomwa, watu wakapoteza maisha, wanajeshi wakajaa mitaani. Oktoba 2015 bomba likazinduliwa. Wapo wanaosema yale yamekwisha, na ni kweli kwamba hayazungumzwi tena kwa sauti. Mimi nikiwa nimechuchumaa bafuni nafikiri kwamba kutozungumzwa na kwisha ni mambo mawili. Lakini sitaki kuligeuza bafu langu kuwa Bunge, basi niiache hapo.

Simenti haikusafiri sana. Mwaka uleule wa 2015 kiwanda cha Dangote kilifunguliwa Msijute, karibu na tunapokaa, kikiwa na uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka, na chokaa yake kinaichimba palepale. Kabla ya hapo kusini ilitegemea simenti iliyotoka mbali, Wazo Hill kwa mfano, ambako kiwanda cha kwanza nchini kilianza uzalishaji mwaka 1966. Na kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, mvua zikinyesha barabara ilikatika na mfuko wa simenti ukawa kitu cha kufungiwa chumbani pamoja na sukari. Wazee wanaobana simenti wakati wa kujenga hawakuzaliwa na ubahili. Walijifunza kuchanganya wakati mfuko ulikuwa adimu, nao wakawafundisha vijana wao vipimo vile vile.

Fundi tuliyemwita anatokea Vigaeni, na hakuona ajabu yoyote katika hilo. Ni mtu mzima.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Liko wapi lenyewe?"

Hakuangalia ufa. Alipiga magoti kwenye kona ya mbali, akatoa sarafu mfukoni, akaanza kugonga kigae kimoja kimoja huku ameinamisha sikio. Kigae kilichoshikwa vizuri na simenti hutoa sauti fupi, iliyoziba. Kisichoshikwa hutoa sauti ya juu zaidi, yenye mwangwi mdogo nyuma yake, na ukishaisikia mara moja hutaisahau. Vigae vitatu karibu na tundu vilisema hivyo. "Hivi vinaelea," alisema fundi. Akaweka kidole gumba kwenye pembe ya kimoja, akakikandamiza, na kwenye mstari wa jirani nikaona vumbi jembamba likiruka.

Aliyetandika sakafu ile zamani alifanya wanavyofanya wengi wenye haraka: alibandika vibonge vya simenti chini ya kigae, vinne pembeni na kimoja katikati, akakigeuza na kukigonga kikae sawa. Juu panaonekana pamenyooka kwa pima maji. Chini pamebaki mapango. Kila mtu anapokanyaga, kigae kinashuka kiasi ambacho jicho halikioni, kinarudi, na mstari ulio kati yake na jirani yake unavutwa na kuachiwa, unavutwa na kuachiwa, mpaka unachoka. Fundi hakumlaumu mwenzake. Alisema tu, "Alibana." Nami sikumlaumu sana, maana aliyembana huenda alikuwa mwenye nyumba.

Kisha akasema jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Nilikuwa nalalamika kwamba grauti ni kitu dhaifu, kwamba wangetengeneza kitu kigumu zaidi. Akaniangalia kwa huruma ile wanayokuwa nayo watu wa kazi za mikono wakizungumza na watu wa makaratasi.

"Mwanangu, grauti ikipasuka mshukuru Mungu. Ingekuwa ngumu kuliko tailizi, zingepasuka tailizi."

Nilikuwa nimeuchukulia mstari ule kuwa mahali ambapo sakafu haikukamilika. Kumbe umewekwa pale makusudi uwe wa kwanza kushindwa. Nyumba husogea, zege hutanuka mchana na kunywea usiku, jamvi hukaa chini kidogo kila masika, mtu mnene huingia kuoga. Kusogea huko lazima kuishie mahali, na aliyebuni sakafu akachagua kuishie kwenye kitu cha bei ndogo kinachoweza kukwanguliwa na kujazwa upya kwa nusu siku.

Watu wa pwani hii walilijua jambo hili kabla simenti haijazaliwa. Simenti ya Portland tunayoitumia leo ina asili yake kwenye hataza aliyopewa Joseph Aspdin huko Uingereza mwaka 1824. Mwanzoni mwa karne ya 14, miaka mia tano kabla yake, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331, alikuwa na jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, na ndani yake kidimbwi cha kuogea chenye pande nane. Limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukienda leo Kilwa Kisiwani utakiona, kimekauka, pande zake nane bado zinahesabika. Huko Lamu wenye nyumba za mawe walijenga birika la maji ndani ya bafu, wakafuga samaki wadogo humo wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakazamisha bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Mtu anayefikiria mpaka kimbilio la samaki hawezi kuwa hakufikiria ufa.

Chokaa ile ilipatikana kwa kazi ndefu. Matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka joto likafika nyuzi 900 hivi, na moto ukayanyang'anya hewa ya kaboni iliyokuwa ndani yake. Kilichobaki kilimwagiwa maji, kikachemka chenyewe bila moto, kikalala. Kikikandwa na mchanga na kupakwa ukutani, kilianza kuichukua tena ile hewa kutoka angani, polepole, kwa miezi na miaka, mpaka kikarudi kuwa jiwe. Na kwa kuwa hakikuwa na haraka, ukuta ulipata muda wa kukaa vizuri ukiwa bado laini kidogo. Mvua ikiingia kwenye ufa mdogo iliyeyusha chembe za chokaa, ikazisogeza, ikaziacha ndani ya ufa uleule. Ukuta ulijitibu, si nyufa zote, ila zile ndogo zilizokuwa nyingi.

Simulizi hii ina upande wake mchungu. Ghuba ya Mikindani ilichimbwa matumbawe kwa ajili ya chokaa kwa miaka mingi, na mwamba uliochukua karne nyingi kukua uliishia kwenye lipu ya chumba kimoja. Leo eneo kubwa kusini mwetu ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na anayetamani chokaa ya babu zake kwa ajili ya bafu lake aanze kwa kuwauliza samaki. Sisemi turudi huko. Ninachosema ni kwamba wale waliokuja na simenti waliitumia mahali pa chokaa bila kuuliza chokaa ilikuwa inafanya kazi gani. Katika majengo ya kale ya pwani ukuta wa matumbawe ukizibwa kwa simenti, kiraka kinakuwa kigumu kuliko mwili. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hauna pa kutokea, unazunguka kiraka, unalainisha jiwe lililo pembeni, na siku kiraka kinapoanguka kinaondoka na jiwe. Ndiyo maana magofu ya Kilwa, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014, yalihitaji mafundi waliorudi kujifunza kukanda chokaa.

Nalifikiria kila mara lile tunaloambiwa tangu utotoni, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, na mimi ni nani nibishane nalo. Lakini limetufanya watu wa kuziba haraka. Ufa ukionekana, mkono unakimbilia kopo. Bafuni kwetu mstari ule ulikuwa umezibwa kabla, mtu fulani aliupaka simenti nyeupe juu juu kwa kidole, alama ya kidole chake bado ilikuwepo, na kiraka kile kilibanduka kizima kama ganda la jeraha. Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere alipozungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam kuhusu nyufa za nchi, alizitaja moja moja, Muungano, rushwa, ukabila, udini. Ninachokumbuka katika hotuba ile ni jinsi alivyokuwa tayari kukaa na orodha ndefu ya mambo mabaya bila kukimbilia kuifunika. Alikuwa anagonga vigae.

Fundi naye hakuziba kitu siku ile ya kwanza. Alinyanyua vile vigae vitatu kwa patasi nyembamba, bila kuvivunja, na hilo peke yake lilionyesha jinsi vilivyokuwa vimeshikwa. Chini palikuwa pameloa. Mchanga uliokuwa chini ya tabaka la simenti ulikuwa umeondoka mahali pamoja, pamebaki shimo la kuingiza ngumi, na kwenye kuta za shimo lile kulikuwa na njia za sisimizi, zimechongwa vizuri, zikielekea juu kwenye ufa. Shangazi akacheka. Kichuguu cha mchanga alichokuwa akikifagia kila asubuhi, na kila asubuhi akiwasema watoto kwa kuingia na miguu michafu, hakikuingizwa na mtu. Kilikuwa kinatolewa. Maji yalishuka na kulegeza, sisimizi wakapandisha kilicholegea, na nyumba ikawa inafagiliwa kutoka chini punje kwa punje.

Shimo lilijazwa mchanga wenye simenti kidogo, ukashindiliwa kwa kipande cha mti, ukaachwa ukauke. Vigae vikarudishwa juu ya simenti iliyopakwa kote, pande zote, bila kubakiza uwazi. Hapo ndipo ilipofika zamu ya mistari mingine, ile iliyopasuka bila vigae vyake kuelea, na hii ndiyo kazi niliyopenda kuitazama. Nilidhani ataleta grainda. Alileta kipande cha msumeno wa chuma, upande mmoja kakizungushia kitambaa cha kushikia.

"Grainda haraka yake kubwa," alisema. "Ikiteleza inachana tailizi, halafu tunaanza kesi nyingine."

Akawa anavuta kuelekea kwake, vuta, vuta, na grauti ya zamani ikatoka kama unga mkavu. Hakukwangua juu tu. Alishuka angalau theluthi mbili za unene wa kigae, kwa sababu grauti mpya ikipakwa kama ngozi juu ya ya zamani haina mizizi. Mwezi haupiti inabanduka. Akafagia kwa mswaki wa meno, akapuliza, akapitisha sponji yenye unyevu ndani ya mifereji ile ili isije ikanyonya maji ya grauti mpya kabla haijashika. Kwenye karai akachanganya unga na maji, na maji aliyatia kwa kijiko. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Grauti ya majimaji inamiminika vizuri, inajaa upesi, inampendeza mtazamaji. Ikikauka maji yanaondoka na kuacha nafasi yake, na nafasi hiyo ndiyo ufa wa mwaka ujao. Ya fundi ilikaa juu ya mwiko ulioinamishwa bila kudondoka. Akaisukuma kwa raba, akipita mshazari juu ya mistari badala ya kuifuata, ili ukingo wa raba usizame na kuichota tena. Akasubiri ianze kufifia rangi. Akapangusa kwa sponji iliyokamuliwa, nayo mshazari. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno, na mtoto wa jirani aliyekuja kuomba kitu alisimama mlangoni akasahau alichotumwa.

Pale sakafu inapokutana na ukuta hakutia grauti kabisa. Ukuta una mambo yake na sakafu ina yake, alieleza. Ukivifunga pamoja kwa kitu kigumu, kimoja kikisogea lazima kiungo kikatike. Kona hupewa silikoni, ambayo inavutika. Gharama yake iliniuma kuliko grauti yote. Nikilitazama bafu la zamani naona kwamba ufa mrefu kuliko wote ulikuwa palepale, mguuni mwa ukuta, umezunguka chumba kizima, na kwa kuwa uko pembeni hata shangazi hakuwa ameuhesabu. Siku mbili tatu zilizofuata hakuna aliyeruhusiwa kumwaga maji mle, tukaoga kwa jirani, uani, kwenye changarawe.

Ugomvi ulibaki kwenye rangi. Fundi alitaka kijivu. Shangazi alitaka nyeupe, kwa sababu nyeupe ikichafuka unajua, na kujua ndiyo usafi wenyewe. Alikuwa akiisugua kila wiki kwa ile dawa inayouzwa mtaani kwenye chupa za maji zilizotumika, asidi inayotoa moshi ikigusa sakafu na kumfanya anayesugua akohoe. Inatakatisha kweli. Inatakatisha kwa kuila grauti, maana asidi na simenti havikai pamoja. Kila kinachochemka na kutoa povu pale chini ni sehemu ya mstari inayoondoka. Limao na siki hufanya vilevile kwa upole zaidi. Fundi alipoeleza hivyo, shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kwa hiyo fundi anataka kusema yeye ndiye aliyeharibu sakafu kwa kuisafisha. Fundi akasema, "Hasha, mama, aliyeharibu ni aliyetandika," na huo ulikuwa ukweli pia, ingawa si wote.

Walikubaliana sabuni ya unga na brashi. Wakakubaliana kijivu, kwa sharti la shangazi kwamba mistari miwili ya kwanza karibu na mlango, pale mgeni anapoangusha macho akivua ndala, iwe nyeupe. Fundi aliniangalia mimi mwenye kulipa. Nikaangalia pembeni. Akaenda dukani kuchukua nusu kilo ya nyeupe.